Majani ya Mgeni Rasmi

Asubuhi ile Stanslaus alikwenda kwa majirani kuomba watu wa kumwinua ng'ombe wake, akarudi peke yake.

Asiyewahi kukaa vijijini huku Tinde mwishoni mwa kiangazi hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Ng'ombe aliyedhoofika akilala jioni, asubuhi hainuki. Miguu imekufa ganzi, njaa imemmaliza nguvu, na asipoinuliwa mapema atafia pale pale. Kwa hiyo watu huitana. Wawili hushika mkia, wawili hushika pembe, wengine hupitisha gogo chini ya tumbo, mmoja anatoa sauti, wanamsimamisha. Hakuna anayeuliza ni ng'ombe wa nani. Hata mtu mliyetukanana naye jana kilabuni atakuja, atainua, atapangusa mikono na kwenda zake bila kukuaga. Kumnyima mtu msaada huo ni jambo ambalo Stanslaus, pamoja na mvi zake zote, hakuwahi kuliona likitendeka.

"Wamekataa?" Paskalina, mkewe, aliuliza. Alikuwa amechuchumaa vumbini, amekipakata kichwa cha Mabaka, maksai wao wa kulimia.

"Hawajakataa. Wana shughuli."

"Wote?"

"Ndaki amesema anapalilia."

"Anapalilia nini Novemba hii, vumbi?"

Stanslaus alitazama pembeni, na kwa bahati mbaya kila alikotazama aliona kile kilichowafanya majirani wawe na shughuli. Nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa minyaa, yalisimama majani makavu ya rangi ya dhahabu, marefu hadi kiunoni, eka kwa eka, hayajaguswa na mdomo wa mnyama yeyote. Na mbele yake kibao cha bati, kimepakwa rangi ya kijani na kubandikwa nembo za mashirika manne: NGITILI YA MFANO. MTUNZAJI: MZEE STANSLAUS MAGENI.

Huku kwetu ngitili si jambo la kuwekewa kibao. Ni shamba la majani. Mtu anatenga kipande cha malisho, mvua zikianza anakifunga, majani yanakua na kukaukia pale pale yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza anafungua, wanaanza kuingia maksai, ndama na ng'ombe wanaokamuliwa. Jirani ambaye hana ngitili huja kuomba, naye hupewa siku zake. Mababu walifanya hivyo bila semina. Kila mwaka Stanslaus alifungua ya kwake mwezi wa tisa, na kila mwaka ng'ombe wa Ndaki waliingia baada ya wake. Mwaka huu hakufungua. Ndaki alikuja kuomba mara tatu, akaambiwa asubiri mkutano. Mwezi uliopita maksai mmoja wa Ndaki alikufa, na watu waliokwenda kumwinua waliyaona majani ya Stanslaus yakipepea upande wa pili wa uzio.

"Ningekuwa mimi Ndaki nisingekuja pia," Paskalina alisema.

"Mama Vumilia, shika pembe, acha maneno."

Walijaribu wao wawili na Vumilia binti yao, wakashindwa. Basi Paskalina akafunga kanga kiunoni, akaenda barabarani, akasimama katikati ya lami na kuinua mikono yote miwili. Bodaboda wawili walifunga breki. Mmoja alibeba magunia ya mkaa, mwingine abiria aliyevaa suti ya kwendea msibani. Aliwasomba wote, hadi yule wa suti. Mabaka akasimama, akatetemeka, akakojoa. Yule abiria alipangusa mavi kwenye kiatu chake kwa kijiti, akatazama nyuma ya nyumba.

"Samahani mzee," aliuliza. "Yale majani ni ya nani?"

*

Mkutano wenyewe uliitwa Kongamano la Kikanda la Kuhamasisha Hatua kwa Ajili ya Uendelevu wa Jamii. Jina hilo lilijaa kwenye bango refu kuliko nyumba ya Stanslaus. Lingefanyika Kahama, kwenye hoteli moja ya Nyasubi yenye viyoyozi, na siku ya pili wajumbe wangetoka kwenda "uwandani" kuona jinsi wananchi wanavyotunza mazingira. Aliyeleta habari hiyo ni Edson, mtoto wa dada yake Stanslaus, aliyekuwa na kitambulisho cha shirika shingoni na mkataba unaoisha Desemba.

"Mjomba, nimekupendekeza wewe," alisema siku ile ya kwanza, mwezi wa nane, akinywa maziwa ya nyumba hiyo. "Katika mkoa mzima. Mgeni rasmi atakushika mkono."

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Mkubwa. Mkubwa kweli kweli. Ila, mjomba, majani yasiguswe. Wanataka kuyaona yamesimama. Na wafadhili watakuwepo. Wakipenda, wanaweza hata kuchimba lambo hapa."

Neno lambo ndilo lililommaliza. Kijiji kizima kilichota maji kwenye madimbwi ya mchanga, na mtu ambaye angeleta lambo angeitwa baba wa kijiji mpaka kufa. Stanslaus aliliona hilo lambo usiku na mchana. Alianza kutembea polepole kidogo, mikono nyuma, kama viongozi wanavyotembea wakikagua. Hakuna aliyemwahidi lambo. Edson alisema "wakipenda" na "wanaweza", maneno mawili ambayo hayajawahi kumnywesha ng'ombe hata mmoja.

Septemba ikafika, mgeni rasmi akapata safari. Kongamano likasogezwa Oktoba. Oktoba mgeni rasmi akawa na majukumu mengine. Likasogezwa Novemba. Kila mara Edson alipiga simu kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "Mjomba, vumilia kidogo tu," na kila mara mjomba alivumilia, tena kwa fahari, akitumia uvumilivu wa ng'ombe wake na wa ng'ombe wa jirani.

Paskalina hakuvumilia. Alikuwa akiingia na mundu kwenye kona ya kichuguu, akikata mzigo mdogo wa kuwapa Mabaka na Shoka, mwenzake wa nira. Ilikwenda vizuri mpaka Edson alipokuja na wenzake kurusha kile kidude chao kinachopaa na kupiga picha. Siku ya pili alirudi amenuna.

"Mama, kuna upara kwenye kona. Unaonekana kabisa kutoka juu."

"Upara?"

"Pamekatwa majani. Picha imeharibika."

"Na mimi kutoka chini naona mbavu za ng'ombe," Paskalina alisema. "Hizo hazikuharibu picha?"

Edson alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiri ametaniwa. Stanslaus alimnyang'anya mkewe mundu, akauchomeka juu ya paa.

*

Wageni walitarajiwa keshokutwa. Mabaka alikuwa amesimama, lakini alisimama kwa kuegemea nguzo ya zizi. Paskalina alikamata majogoo wawili, akaenda nao Tinde, kwenye duka la Jignesh.

Jignesh aliuza saruji, chumvi ya mifugo, dawa za kupe na mashudu ya pamba. Alizaliwa pale pale, na Kisukuma alikijua kiasi cha kukataa mkopo kwa lugha mbili. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mkewe Bhumika yuko kaunta.

"Mwangaluka, mayu," Jignesh alisalimia. "Jogoo hao ni wa kuuza au wa kunitembelea?"

"Mwangaluka. Nataka gunia la mashudu. Chukua hawa, kinachobaki nitaleta choroko."

"Gunia? Mama Vumilia, mashudu mwezi huu bei yake ni ya dawa ya hospitali. Jogoo wawili ni ndoo moja tu, tena nakuhurumia." Kisha akainamisha kichwa, akamtazama juu ya miwani. "Lakini niambie ukweli. Mimi nina mafuko ishirini humu ndani. Wewe una majani kuliko duka langu. Unanunua chakula cha ng'ombe kwangu kwa nini?"

Wateja wengine wawili waligeuka kusikiliza. Paskalina alihisi uso ukimchoma.

"Tunasubiri mkutano."

"Aa, mkutano!" Jignesh alipiga paja. "Hata mimi wamenijia. Wameniomba nichangie maji ya chupa, katoni hamsini. Wakasema nitapewa kiti cha mbele. Nikawauliza, mkutano wenyewe unahusu nini? Kijana akasema unahusu hatua. Hatua gani? Akasema, tutajua baada ya mkutano."

Wateja walicheka. Bhumika hakucheka. Alijaza ndoo, akaisukumia kwa Paskalina, kisha akachota tena kwa kopo, akaongeza juu mpaka ikamwagika, bila kumtazama mumewe.

"Nenda, mama," alisema. "Kabla hajalala tena."

*

"Fungua ngitili," Paskalina alimwambia mumewe jioni hiyo, kabla hata hajatua ndoo.

"Keshokutwa tu! Tumesubiri miezi yote hii, tushindwe siku mbili?"

"Mabaka hana siku mbili."

"Wakiingia leo watakanyaga kila mahali. Wageni wataona nini? Vumbi na mavi?"

"Wataona ng'ombe wanakula. Si ndiyo kazi ya ngitili?"

"Wewe hujui mambo haya." Stanslaus alishusha sauti, kama anayemfunulia siri mtoto. "Edson ameniambia nitapewa dakika tano za kuzungumza. Mbele ya wafadhili. Nitalitaja lambo pale pale, mgeni rasmi akiwa amesimama. Atakataa vipi mbele ya watu?"

"Na Mabaka akifa, tutalima na nini? Na lambo?"

"Hafi."

"Nimekuuliza, tutalima na nini? Shoka hawezi kuvuta plau peke yake. Mvua ikinyesha wenzetu watakuwa shambani, sisi tutakuwa tunamsimulia nani habari za mgeni rasmi? Mwakani tutakula dakika tano?"

Vumilia, aliyekuwa akisonga ugali, aliangua kicheko, kisha akajifanya amepaliwa na moshi. Stanslaus alinyanyuka na kutoka nje. Watu walimwona amesimama mbele ya kibao chake, anatikisa midomo. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba.

*

Siku ya wageni Paskalina aliamka, akamfungua Mabaka ili ampeleke kwenye kivuli. Mabaka hakutaka kivuli. Harufu ya majani ilimvuta. Alikokota miguu, hatua moja moja, mpaka kwenye mlango wa ngitili uliozibwa kwa matawi ya miiba, akasukuma pua pale, magoti yakakunjika, akaanguka. Alianguka kichwa kimeelekea ndani, na kati ya mdomo wake na majani palikuwa na miiba tu.

Stanslaus alimkuta pale. Alikuwa tayari amevaa fulana ya kijani aliyoletewa, imeandikwa mgongoni CHUKUA HATUA. Kwa muda, na tumpe haki yake, uso wake ulivunjika. Alipiga magoti, akagusa sikio la maksai yule aliyemfundisha nira kwa mikono yake mwenyewe. Kisha simu ikalia. Edson alisema msafara umeshatoka Kahama.

"Wakiondoka tu," Stanslaus alimwambia mkewe, "wakiondoka tu, nafungua."

Msafara ulifika jua likiwa limeshapanda na kuwa kali, kwa sababu hotelini chai ilichelewa na hakuna aliyekuwa tayari kuhamasisha hatua bila sambusa. Yalikuja mabasi mawili madogo na magari marefu ya vioo vyeusi. Walishuka watu wenye kofia mpya, miwani ya jua, vitambulisho shingoni na chupa za maji za Jignesh mkononi. Mgeni rasmi hakuja. Alituma mwakilishi, na mwakilishi alibaki ndani ya gari, injini ikinguruma, kwa sababu ya joto.

Edson alikuwa wa kwanza kumwona ng'ombe. Alimkimbilia mjomba wake.

"Mjomba! Nini hiki? Hapa ndipo wanapopita!"

"Ameanguka asubuhi."

"Tumfunike. Kuna turubai kwenye gari. Tuseme ni... tuseme ni mbolea."

"Ukimfunika ng'ombe wangu akiwa hai," Paskalina alisema, "nitakufunika wewe."

Walikuwa wameshachelewa. Wajumbe walishafika, wakasimama nusu duara, ng'ombe katikati. Mama mmoja mwenye kofia pana alitoa leso, akaziba pua. Kijana mmoja alipiga picha, akaitazama, akapiga nyingine. Shoka, kule zizini, alilia.

Paskalina alisimama. Hakuwa na fulana. Kanga yake ilikuwa na mavi na mate ya ng'ombe. Lakini sauti yake ilikuwa thabiti, na alianza kwa adabu zote, kama alivyolelewa.

"Shikamooni wakubwa."

"Marahabaa," waliitikia wachache.

"Karibuni. Huyu ndiye anayetulimia. Ameanguka kwa njaa. Yupo hai, na akisimama sasa hivi akala, atapona. Sisi tuko watatu, hatumwezi. Ninyi mko wengi, tena mna nguvu. Gogo lile pale. Naomba mnisaidie kumwinua. Ni dakika moja tu."

Hapo ndipo ungeona maajabu. Watu waliosafiri kutoka mikoa mbalimbali, waliolala hotelini kwa ajili ya hatua, wenye neno hatua kifuani na mgongoni, waliombwa hatua moja. Walitazamana.

"Hana ugonjwa wa kuambukiza?" mmoja aliuliza.

"Ana njaa, baba."

"Kitaalamu hairuhusiwi kumgusa mnyama bila daktari wa mifugo," alisema mwingine.

"Hili ni jambo zito sana," alisema mama wa kofia pana kutoka nyuma ya leso. "Naomba tulichukue likajadiliwe kwenye vikundi mchana."

"Mchana atakuwa amekufa, mama."

"Basi ndiyo maana tunahitaji mikakati ya muda mrefu."

Wengine waliitikia kwa vichwa, na mmoja akaandika. Mtu pekee aliyesogea alikuwa dereva wa basi, mtu mfupi mwenye ndala, ambaye hakuwa mjumbe wa kitu chochote. Alikunja suruali, akaenda moja kwa moja kushika mkia.

"Haya, wengine pembeni," alisema. "Jamani, njooni basi!"

Kutoka kwenye gari la vioo vyeusi ikapigwa honi. Mwakilishi alikuwa na ratiba. Edson alimvuta dereva mkono, akamnong'oneza, dereva akamwangalia kwa jicho baya, akaachia mkia. "Nisamehe, mama," alisema. "Kazi ya watu."

Halafu Stanslaus akapewa dakika zake tano. Jambo hili Vumilia hajamsamehe baba yake mpaka leo. Mzee alisimama mbele ya kibao, akampa mgongo Mabaka, akashika kipaza sauti. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikanyooka, maana alikuwa ameifanyia mazoezi. Alieleza alivyofunga ngitili, alivyoshinda tamaa, alivyowazuia hata majirani. Walipiga makofi aliposema amewazuia majirani. Nyuma yake mkewe alikuwa amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani, akimfukuzia nzi. Alipofika kwenye neno lambo, Edson alimpokonya kipaza sauti kwa tabasamu.

"Muda, mjomba, muda."

Mwakilishi akashuka, akasimama mbele ya majani kwa picha, wajumbe wakamzunguka. Walihesabiwa mpaka tatu, wakainua ngumi juu, wakapiga kelele kwa pamoja: "Chukua hatua!" Kisha wakapanda magari, wakaenda kula.

*

Vumbi la magari lilikuwa bado halijatulia Paskalina aliposhika matawi ya miiba kwa mikono mitupu, akayang'oa moja moja na kuyatupa. Stanslaus alitaka kumsaidia.

"Usiguse," alimwambia. "Nenda ukavue hiyo fulana."

Aliwafungulia Shoka na ng'ombe wote waliobaki, wakaingia mbio wakigongana. Aliuchomoa mundu paani, akakata majani, akamletea Mabaka mdomoni. Mabaka alitafuna kidogo, akaacha. Basi Paskalina akapangusa damu ya mikono kwenye kanga, akaenda kwa Ndaki.

Alimkuta mlangoni anasuka kamba. Paskalina alipiga magoti, akasalimia. Ndaki aliitikia, akaendelea kusuka.

"Sikuja kukuomba msamaha kwa niaba ya mtu," Paskalina alisema. "Ana mdomo wake. Nimekuja kukwambia ngitili iko wazi. Lete ng'ombe wako. Lete wote, hata kama humwinui wa kwangu."

Ndaki aliweka kamba chini. Alimtazama mikono.

"Wale wa magari wamemwinua?"

"Wamempiga picha."

Mzee yule alitema mate pembeni, akaita wanawe. Walikuja na majirani wengine, wale wale waliokuwa na shughuli juzi asubuhi, hakuna aliyehitaji kuelekezwa pa kushika. Wakamwinua. Mabaka alisimama. Alisimama kweli, miguu minne, na Paskalina akaanza kulia kwa furaha. Halafu mguu wa mbele ukapinda, akaanguka kwa ubavu, na safari hii kichwa kikaanguka pia.

"Amelala mno tangu asubuhi," Ndaki alisema. "Leteni kisu kabla hajafa mwenyewe. Angalau tule nyama, tusifukie mzoga."

Walimchinja pale pale mlangoni. Nyama yenyewe ilikuwa kama viatu, lakini iligawanywa kwa desturi, kila nyumba ikapata. Ndaki alipochukua fungu lake alisimama mbele ya Stanslaus, aliyekuwa amekaa juu ya gogo bila fulana, mbavu zake mwenyewe zinaonekana.

"Jirani," alimwambia, "mwaka huu majani yako yameua ng'ombe wawili."

Kesho yake jioni mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa, ya upepo, ikayalaza majani yote chini na kuyaozesha. Yaliyobaki hayakuwa na faida kwa ng'ombe wala kwa picha.

*

Ndaki alikuwa amebakiwa na maksai mmoja, na Paskalina alibakiwa na Shoka. Wakafunga nira moja. Walikubaliana shamba la Ndaki lilimwe kwanza, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Zamu ya Paskalina ilifika Desemba, udongo ukiwa umeanza kukauka tena, na ilikuwa ya siku moja tu. Wakipitwa na siku hiyo, ni jembe la mkono.

Walikuwa katikati ya shamba, Stanslaus kwenye mikono ya plau, Paskalina akiongoza maksai mbele, Edson alipotokea kwenye bodaboda. Alikuwa amevaa shati jipya. Mkataba ulikuwa umeongezwa.

"Shikamoo mjomba! Shikamoo mama! Nimewaletea zawadi."

Ilikuwa kalenda ya mwaka mpya, karatasi nzito, inang'aa. Stanslaus aliachia plau, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kama anapokea ekaristi. Mwezi wa kumi na moja ndio uliokuwa wake. Majani ya dhahabu, mwakilishi katikati, ngumi juu, na kwenye pembe, kadogo, yeye mwenyewe kwenye fulana ya kijani. Paskalina alichungulia akiwa ameshika kamba ya maksai.

"Mabaka yuko wapi?"

"Walimkata, mama. Alikuwa anaharibu picha," Edson alisema. "Wewe pia ulikuwa pale pale, ndiyo maana." Kisha akamgeukia mjomba wake, akashusha sauti ile ya kubembeleza. "Mjomba, kongamano limefana sana. Wameazimia lifanyike tena mwakani, na wametaja jina lako. Habari ya lambo ipo, inajadiliwa. Wanachoomba ni kwamba majani yatunzwe tu kama mwaka huu."

Maksai walisimama wakihema. Jua lilikuwa linapanda na shamba lilikuwa halijafika nusu. Stanslaus alifungua tena ule ukurasa wa Novemba, akapitisha kidole cheusi cha udongo juu ya sura yake, taratibu, asije akauchafua.

"Watakuja mwezi gani?" aliuliza.

Paskalina alimpungia Vumilia aje ashike kamba mbele, akazunguka nyuma, akashika mikono ya plau, akapiga mluzi. Maksai wakavuta. Mume wake alikuwa amesimama kwenye mstari na ilimbidi aruke pembeni na kalenda yake, maana mkewe hakupinda.